Ukitoka Ukumbini Umenuna: Mbinu za Mpenzi wa Bendi wa Siku Nyingi

Mtu aliyeifuata bendi moja kwa miaka ishirini hanuni kama mtu aliyeingia kwa tiketi ya kupewa. Huyu wa pili akichoka hutoka nje kupunga upepo, na kesho yake ameshasahau. Wa kwanza husimama mpaka wimbo wa kuagia, hupiga makofi ya heshima, na njia nzima kwenda maegesho hasemi kitu. Akishafunga mlango wa gari ndipo mashtaka yanapoanza: wamezeeka, wanapigia hela, mpiga gita hawasikilizi wenzake, wimbo ule waliouwasha Philadelphia mwaka ule leo wameuua. Mashtaka mengine ni ya kweli. Mengine yanauhusu ukumbi, au miguu iliyosimama saa tatu, au kanda alizozisikiliza nyumbani mpaka akazijua kwa moyo. Inafaa kuyatenganisha kabla ya kuchukua hatua, maana wengi huuza tiketi za ziara nzima kwa kosa la spika moja.

Nazungumzia hasa zile bendi ambazo Wamarekani wanaziita za jemu. Grateful Dead, walioanza California mwaka 1965, ndio waliofyeka njia. Phish, walioanza Vermont mwaka 1983, ndio wenye wafuasi wengi kati ya waliokuja nyuma yao. Kwa bendi hizi wimbo ni pa kuanzia tu. Beti zikiisha wanamuziki wanauacha, wanabuni papo hapo dakika kumi, ishirini, pengine zaidi, na hakuna anayejua watatokea wapi, wao wenyewe wakiwemo. Hiyo ndiyo jemu. Onyesho huwa na awamu mbili: ya kwanza ya nyimbo fupi fupi, ya pili ya safari ndefu. Nyimbo hubadilishwa kila usiku. Mwaka 2017 Phish walikaa usiku 13 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, wakapiga nyimbo 237 bila kurudia hata mmoja. Ndiyo maana mpenzi wao haendi mara moja akatosheka. Huifuata ziara mji kwa mji, na hesabu ya maonyesho aliyohudhuria huijua kuliko anavyojua umri wa shemeji zake.

Msomaji aliyekulia kwenye kumbi za dansi za Dar es Salaam hapotei hapa. Wimbo wa Mlimani Park, wana Sikinde, redioni ulikuwa na kipimo chake. Ukumbini, waimbaji wakimaliza na gita la solo likashika usukani, waliokuwa wakicheza ndio walioamua kipande kile kiishe lini. Na anajua kwamba kuna usiku solo linagoma. Ila kwenye dansi gita likigoma mtu anaendelea kucheza, kwa kuwa kucheza ndiko kulikompeleka. Mpenzi wa bendi ya jemu amekwenda kusikiliza kwanza, na msikilizaji hana pa kujificha.

Tuanze na usiku wenyewe. Ukirudi umenuna, usitoe hukumu, lakini andika kabla hujalala. Andika vitu, maoni yaache. Ulisimama wapi? Uliingia saa ngapi, na ulikuwa umekula? Ni wimbo gani ulikuwa ukipigwa akili yako ilipotoka mara ya kwanza ukaanza kufikiria kazi ya Jumatatu? Kuna mahali popote mwili ulijitikisa wenyewe, hata kwa dakika mbili? Ukiandika kwamba jemu ilikuwa mbovu hujaandika kitu. Ukiandika kwamba baada ya dakika kama tano gita lilirudia kile kile, ngoma zikaongeza kasi na besi ikabaki nyuma, hapo una ushahidi wa kuupeleka mahakamani. Andika pia ulikunywa nini na kiasi gani. Sisemi hivyo kwa kuhubiri. Bia ya nne hufanya jemu nzuri ionekane ndefu, na jemu mbaya ionekane ya kina. Wapo wapenzi wa Grateful Dead na wa Phish wanaohudhuria bila kilevi chochote, na wakati wa mapumziko hukutana kwenye meza yenye maputo ya manjano. Hata kama huna haja ya kuacha, hudhuria onyesho moja ukiwa mkavu kabisa, upate kipimo.

Kisha ziba masikio kwa siku kadhaa. Usiwaulize wenzako walionaje, wala usisome hukumu za watu. Ukishaambiwa na mtu unayemheshimu kwamba ule ulikuwa usiku mbaya kuliko yote ya ziara, utakachokisikia kwenye rekodi ni maneno yake, muziki utakuwa umekukimbia.

Maana rekodi ipo, na hapa ndipo mpenzi wa bendi hizi alipobahatika kuliko wapenzi wa muziki mwingine wowote: ana haki ya kukata rufaa. Grateful Dead waliwaachia watu warekodi, na mwaka 1984 wakawatengea kabisa sehemu yao, nyuma ya meza ya fundi mitambo, wasimame na vipaza sauti vyao virefu bila kuwaziba wengine. Kanda zikabadilishwa mkono kwa mkono, bure, na kuziuza ilikuwa aibu. Phish waliruhusu hivyo hivyo, na siku hizi wanauza wenyewe rekodi safi ya kila onyesho, mara nyingi usiku ule ule.

Acha juma moja lipite, kisha isikilize rekodi. Usianze mwanzo. Nenda moja kwa moja kwenye awamu ya pili, tafuta kipande kirefu kuliko vyote, vaa spika za masikioni, keti. Usipike, usiendeshe gari, usishike simu. Na gita liache. Gita ndilo limekuharibia kazi miaka yote hii, kwa sababu liko mbele na linajisemea lenyewe. Fuata besi kuanzia pale uimbaji unapoisha. Bendi ikiwa inasikilizana utasikia mpiga besi akibadilisha noti moja, na baada ya hatua chache kinanda kinamfuata, kisha ngoma zinapunguza uzito kuwapisha. Hakuna aliyetoa ishara. Bendi ikiwa haisikilizani utasikia wanne wanaopiga vizuri, kila mmoja chumbani kwake: gita linapanda na kushuka ngazi zile zile, mpiga ngoma anaongeza nguvu kwa kukosa la kufanya, na mwishowe mmoja anachoka, anaanzisha wimbo mwingine kwa ghafla kabla wenzake hawajamaliza sentensi. Kukatwa huko kwa ghafla ndiko kunakowaudhi wapenzi wa Phish kuliko noti mbovu. Na wana haki. Noti mbovu ni bahati mbaya. Kukata jemu iliyokuwa inaelekea mahali ni kukosa subira.

Rejea sasa kwenye yale uliyoyaandika. Ukikuta kwamba kile kilichokuchosha ukumbini kwenye rekodi kinapendeza, mashtaka yako yanauhusu ukumbi, na dawa yake ni rahisi kuliko zote.

Watu hulipa fedha nyingi kusimama mbele kabisa, na mbele kabisa ndiko sauti inakoharibika. Pale unasikia gita kutoka kwenye spika yake yenyewe na ngoma zikipigwa uso kwa uso, lakini uimbaji na kinanda vinatoka kwenye spika kubwa zilizoning'inizwa pembeni, na vingi vinakupita juu ya kichwa. Ukutani na kwenye pembe za ukumbi besi inajilundika mpaka inameza kila kitu. Uwanjani, mita 100 kutoka jukwaani, sauti ya jukwaa inakufikia imechelewa kama theluthi ya sekunde, kwa hiyo unamwona mpiga ngoma kwenye skrini akipiga na mlio unakuja nyuma yake. Ubongo unapambana na jambo hilo usiku kucha na wewe unadhani umeboreka. Mahali salama ni karibu na meza ya fundi mitambo, mbele yake kidogo au nyuma yake, katikati. Yeye anapanga sauti kwa masikio yake mwenyewe. Kaa alipo, usikie anachokisikia. Waliokuwa wakirekodi kanda hawakuchagua pale kwa bahati nasibu.

Grateful Dead wenyewe waliwahi kulihangaikia tatizo hili mpaka wakapitiliza. Mwaka 1974 walizunguka na ukuta wa spika zipatazo 600, mzigo wa karibu tani 75, wakausimamisha nyuma yao badala ya kando, ili wasikie kile kile wanachosikia watu. Kwa masikio ya waliokuwepo ilikuwa ajabu. Kwa mfuko wa bendi ilikuwa balaa: malori, mafundi, majukwaa mawili, moja likisimamishwa mji huu wakati jingine linaelekea mji mwingine. Oktoba ya mwaka ule wakasimama kufanya ziara, na ukuta ule haukurudi. Wewe huna haja ya ukuta. Nunua basi vizibo vya masikio, vile vya wanamuziki vinavyopunguza sauti zote kwa usawa, si vya sponji vinavyoacha besi peke yake. Saa tatu za kelele hulichosha sikio, na sikio lililochoka husikia uji.

Lakini huenda ukaisikiliza rekodi na kukuta uliyoyaandika ni kweli tupu. Walipiga vibaya. Hapo mpenzi wa siku nyingi anapaswa kukumbuka alichonunua. Bendi inayopiga nyimbo zile zile kwa mpangilio ule ule kila mji haiwezi kuanguka sana, na haiwezi kuruka sana. Ile inayopanda jukwaani bila kujua dakika ya kumi na tano itakuwaje imekuuzia tiketi ya hatari, na kuna usiku hatari ile inashinda. Siwaombei radhi. Nasema tu kwamba anayetaka usiku wa kuruka na hataki kabisa usiku wa kuanguka, duka lake si hili.

Na walianguka mbele ya macho ya dunia. Agosti 1969, Grateful Dead walipanda jukwaa la Woodstock usiku, mvua imelowesha kila kitu, mfumo wa umeme haujaunganishwa ardhini sawasawa, na mpiga gita wao Bob Weir akawa anapigwa shoti kila akigusa nyuzi na kipaza sauti. Vyombo vilikatika, kimya kikawa kirefu, muziki ukazama. Wao wenyewe waliuhesabu usiku ule kati ya maonyesho yao mabaya kuliko yote, na ukiangalia filamu maarufu ya Woodstock iliyotoka 1970 hutawaona wakipiga.

Mfano ninaoupenda zaidi uko huku Afrika. Septemba 1978 bendi ile ilikwenda Giza, Misri, ikapiga usiku tatu chini ya piramidi. Kama kuna mahali ambapo mpenzi angetegemea miujiza ni pale. Usiku wa mwisho hata mwezi ulipatwa. Lakini Bill Kreutzmann, mmoja wa wapiga ngoma wawili, alikuwa amevunjika kifundo cha mkono akapiga kwa mkono mmoja. Piano ilikuwa na sauti zilizopotoka. Na mpango wa kukigeuza chumba cha ndani ya Piramidi Kuu kiwe cha kutoa mwangwi haukufanikiwa. Walikuwa wamekusudia kutoa albamu ya maonyesho yale kulipia gharama. Waliposikiliza kanda wakaziweka kabatini. Zilitoka mwaka 2008, miaka 30 baadaye, na ukizisikiliza leo utaona kwamba kipande kilicho hai kuliko vyote ni pale Hamza El Din, Mnubi mpiga udi na tari, alipoingia na wenzake wakiimba na kupiga makofi, bendi ikajiunga polepole nyuma yao, chombo kimoja baada ya kingine. Walioonyesha njia walikuwa wenyeji. Hapo pana funzo la kusikiliza: kwenye usiku uliokwenda kombo kabisa, tafuta dakika kumi ambazo bendi iliacha kujitutumua. Karibu kila mara zipo. Ukizipata, ziandike pembeni ya mashtaka yako, na usiku ule utakuwa umelipa sehemu ya nauli.

Kuna hukumu ya tatu, na hii watu hawaipendi. Unasikiliza rekodi, sauti ni nzuri, wanasikilizana, hakuna cha kulaumu, na bado huna hamu. Tatizo limehamia kwako.

Mara nyingi chanzo ni kanda zenyewe. Grateful Dead walipiga maonyesho kama 2,300 katika miaka 30. Mpenzi wa kawaida anayajua vizuri labda arobaini, na arobaini hayo yamechujwa mara tatu: na waliorekodi, na waliobadilishana, kisha na wenye lebo waliochagua ya kuuza. Onyesho la tarehe 8 Mei 1977, katika ukumbi wa Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, limesifiwa mpaka Maktaba ya Bunge la Marekani ikaliingiza katika hazina ya kitaifa ya rekodi. Ni onyesho zuri sana. Lakini sifa yake ilisafiri mbali pia kwa sababu fundi wao, Betty Cantor-Jackson, alilirekodi kwa usafi usio wa kawaida, na kanda ikanakiliwa mpaka kila chumba cha wanafunzi kikawa nayo. Sasa mtu anakwenda ukumbini Jumanne moja na kuipima bendi kwa usiku bora wa maisha yake, uliorekodiwa na fundi bora, akiusikiliza kwa mara ya mia moja. Nani angeshinda mtihani huo?

Fanya jaribio hili. Chukua mwaka unaouabudu, tuseme 1977 huo huo, uchague onyesho lisilo na jina, la mji ambao hujawahi kusikia mtu akiutaja. Lisikilize lote. Usiruke wanapotafuta sauti za nyuzi kwa dakika nne, wala pale mwimbaji anaposahau ubeti, wala ule wimbo wa polepole uliolala. Ukimaliza, rudi kwenye usiku wako. Mara nyingi utagundua kwamba zama za dhahabu nazo zilikuwa na Jumanne zake. Jaribio hili likishindwa kukusaidia, pumzika. Usipumzike kwa tangazo, kwa kuwaambia watu kwamba umeachana nao. Acha tu kusikiliza bendi ile mpaka wimbo wao mmoja ukujie wenyewe kichwani unapoosha vyombo. Katikati ya mapumziko hayo sikiliza kitu ambacho hujui kukihukumu. Mickey Hart, yule mpiga ngoma mwenzake Kreutzmann, alishirikiana na Babatunde Olatunji wa Nigeria katika rekodi ya Planet Drum ya mwaka 1991. Kuanzia hapo unaweza kupotea kwa miezi.

Yote hayo ni ya usiku mmoja mmoja. Lipo jingine zito zaidi, ambalo mpenzi wa siku nyingi hulisikia mapema na hukataa kulitaja: usiku mbaya unapofuatana na mwingine, na mwingine, na mtu aliye katikati ya jukwaa haonekani kuwepo. Jerry Garcia, mpiga gita na mwimbaji wa Grateful Dead, alizimia kwa kisukari mwaka 1986, akalazimika kujifunza gita upya, akarudi, na mwaka uliofuata bendi ikapata wimbo uliovuma redioni na viwanja vikafurika. Miaka ya mwisho alisahau maneno ya nyimbo alizoziimba robo karne, vidole vikachelewa. Julai 1995 huko Deer Creek, Indiana, maelfu wasio na tiketi walibomoa uzio, na onyesho la siku iliyofuata likafutwa. Tarehe 9 Julai walipiga Chicago. Tarehe 9 Agosti Garcia alifariki, ana miaka 53, akiwa kwenye kituo cha kutibu uraibu.

Phish nao walifika ukingoni. Agosti 2004 walifanya tamasha la kuagana huko Coventry, Vermont. Mvua iligeuza uwanja kuwa tope, walio njiani wakaombwa warudi makwao, na maelfu wakayaacha magari kando ya barabara kuu wakatembea maili kadhaa kwa miguu. Walichokikuta ni bendi iliyochoka, nyimbo zikianza kombo, mpiga kinanda akilia katikati ya wimbo. Waliotembea wana haki ya hasira mpaka leo. Ila yaangalie yaliyofuata: Trey Anastasio, mpiga gita, alikamatwa Desemba 2006 na dawa za kulevya, akapitia mahakama ya waraibu, akaacha. Machi 2009 bendi ilirudi jukwaani Hampton, Virginia, na miaka hii inasikilizana kuliko ilivyokuwa wakati ule wa Coventry. Aprili 2024 walipiga usiku nne Sphere, Las Vegas, bila kurudia wimbo, kwenye ukumbi ambao wengine huenda na onyesho lililopangwa mpaka sekunde.

Kwa hiyo ukiona dalili hizi, ushauri wangu ni mkavu: acha kununua tiketi, na usizomee. Kuendelea kununua ni kulipia gari linaloelekea korongoni, kwa jina la uaminifu. Kuzomea hakujawahi kumponya mtu. Lakini usichome kanda wala kumtukana mgonjwa, kwa sababu utataka kurudi, na kurudi baada ya matusi ni kazi.

Wengine tatizo lao ni dogo zaidi: uchu wa nyimbo. Wana orodha ya ambazo hawajawahi kuzisikia jukwaani, na usiku wowote usioifupisha orodha wanauhesabu hasara. Kwao nina hesabu nyepesi. Bendi hizi hazipendi kurudia wimbo usiku unaofuatana, basi kama una fedha ya usiku mmoja kati ya tatu, tazama zilizopigwa siku mbili zilizotangulia, zile hutazisikia. Wapenzi wa Phish wana usemi kwamba usikose onyesho la Jumapili, na kwa maoni yangu una mantiki: wenye shughuli zao wameshaondoka, nyimbo kubwa zimeshatoka Ijumaa na Jumamosi, bendi inabaki na vitu vya ajabu na watu wa kuvisikiliza. Ukishaingia ukumbini lakini, iweke orodha mfukoni. Mtu anayengoja wimbo hasikii ule unaopigwa.

Neno kuhusu uliyekwenda naye. Kama ni mgeni, na ametoka anang'aa, usimtilie mchanga kitumbua chake. Njia nzima mwache aongee. Muulize ni wapi palimshika, na nafasi ikiruhusu urudi mahali hapo kwenye rekodi. Sikio jipya huwa limekamata kitu ambacho lako liliacha kukitafuta zamani. Kama ni mkongwe mwenzako, mnaweza kulalamika, ila wekeni mpaka, tuseme daraja la kwanza la barabara kuu. Mabishano mengine hayana mwisho na hayafai kuanzishwa usiku wa manane, hasa lile la kama bendi iliyobadilisha watu bado ni bendi ile ile. Walioona Dead & Company, kundi ambalo baadhi ya waliobaki wa Grateful Dead walilianzisha mwaka 2015 kwa kumweka John Mayer kwenye gita, wanalijua. Wapenzi wa dansi walilimaliza zamani kwa vitendo: mwimbaji Muhidin Gurumo alitoka Juwata akaenda Mlimani Park, akaenda Safari Sound, akarudi kwa Msondo, ndiyo Juwata ile ile, na watu wakalia, wakanuna, kisha Jumamosi wakalipa kiingilio.

Mwisho ni suala la fedha, kwa sababu nusu ya kinyongo hutoka mfukoni. Tiketi iliyonunuliwa kwa walanguzi mara tatu ya bei inadai usiku wa mara tatu, na hakuna bendi inayoweza kulipa deni hilo. Jiwekee dari: bei iliyoandikwa kwenye tiketi, basi. Ukikosa, nunua matangazo ya moja kwa moja ya onyesho, ambayo Phish huyauza kwa ziara zao nyingi, ukae sebuleni na wenzako. Usiku wa kwanza utakuonyesha kama bendi iko kwenye hali, kabla hujapanda gari kwenda wa pili. Ukiwa na tiketi za ziada na rekodi imekuthibitishia kwamba unahitaji mapumziko, ziuze kwa bei uliyonunulia, kama desturi ya wapenzi wa bendi hizi inavyotaka. Au fanya ilivyokuwa kwenye maegesho ya Grateful Dead, ambako asiye na tiketi alizunguka ameinua kidole kimoja akiomba muujiza. Mpe. Muulize tu kabla hajakimbia kama anajua meza ya fundi mitambo iko wapi.